Treni ya Usiku Isiyo na Kitanda: Kisa cha Nairobi na Mombasa

Saa nne usiku kuna treni ya abiria inayoondoka kituo cha SGR, yaani reli mpya, cha Nairobi, kule Syokimau, kwenda Mombasa. Inasafiri usiku mtupu. Emali inapitwa gizani, Mtito Andei gizani, Voi gizani. Lakini ndani yake hamna kitanda hata kimoja. Abiria anakaa kitini, anaegemeza kichwa dirishani au begani kwa jirani, na usingizi unapoanza kukolea anaambiwa amefika. Ni kabla ya saa kumi alfajiri, yuko Miritini, kituo cha mwisho upande wa bara, kisiwani Mombasa bado ni mbali, na ofisi iliyomleta haifunguliwi mpaka saa mbili.

Mpaka 2017 safari hiyohiyo ilikuwa na vitanda, mashuka na kengele ya chakula. Treni yenyewe ilikuwa imezeeka, ilichelewa ovyo, na watu waliipenda huku wakiilaani. Reli mpya ilipofunguliwa, ile ya zamani ikaacha kubeba wasafiri wa Mombasa, na kitanda kikaondoka nayo. Nani alikiondoa? Jibu la haraka, ambalo utalisikia kwa karibu kila mtu, ni kasi: safari imekuwa ya saa tano, nani atalala? Nakubali nusu ya jibu hilo. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike, kwa sababu ina faida kwa majirani ambao reli zao mpya bado hazijafika mwisho.

Tuanze na jinsi ilivyokuwa.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu, enzi hizo Port Florence, 1901. Upana wake ni mita moja kati ya chuma na chuma. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo treni inayotoka pwani ilikuwa na kazi ya kupanda mlima usiku kucha, na wajenzi wale waliizungusha reli kwenye kona nyingi ili mwinuko usiishinde injini. Matokeo yake, kilomita 530 hivi zilichukua saa kumi na tatu mpaka kumi na tano. Piga hesabu: ni wastani wa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao pikipiki ya bodaboda inaudhihaki.

Ajabu ni kwamba mwendo huo wa kobe ndio uliotengeneza ratiba nzuri. Mtu alimaliza kazi Nairobi jioni, akatembea mpaka stesheni iliyo pale chini ya mji, akapanda saa moja. Asubuhi alikunywa chai huku Tsavo au nyika ya Taru ikipita dirishani, na baadaye Mazeras, minazi ikianza kuonekana na watoto wakikimbilia reli kupunga mikono. Akashuka kisiwani penyewe, hatua chache kutoka Mwembe Tayari. (Stesheni zote mbili za zamani ziko kando ya barabara iitwayo Haile Selassie, moja Nairobi na nyingine Mombasa. Mgeni aliyelala fofofo angeweza kusamehewa akidhani treni haikutoka.)

Ndani kulikuwa na madaraja matatu. La kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili, la pili vitanda vinne, la tatu viti. Katika daraja la pili wanawake na wanaume waliwekwa vyumba tofauti, isipokuwa familia iliyokodi chumba kizima. Mama aliyesafiri peke yake na mtoto alijua atalala na wanawake wenzake na mlango umefungwa kwa ndani. Kila chumba kilikuwa na karo dogo la kunawia. Wakati wa chakula mhudumu alipita ujiani akigonga kengele ya vibao, na abiria wakaingia behewa la kulia kwa zamu. Vijiko na uma vingine vilikuwa bado na herufi za shirika la reli la Afrika Mashariki, lile lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Ukirudi chumbani ulikuta kitanda kimeshatandikwa: shuka, mto, blanketi. Shuka lilikuwa safi hata pale ambapo taa haikuwaka na feni haikuzunguka.

Sasa lazima tuseme jambo ambalo simulizi nyingi tamu za treni ile zinaliruka. Vitanda vilikuwa vya wachache. Enzi ya mkoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na Mwafrika akakaa la tatu. Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi uliondoka, ule wa pesa ukabaki. Abiria wa daraja la tatu alikaa kwenye kiti saa kumi na nne, amebana mzigo miguuni. Huyo hakupoteza kitanda 2017, maana hakuwahi kukipata. Kwake yeye, kiti cha shilingi 700 kinachofika kwa saa tano kilikuwa neema tupu, na sioni sababu ya kumtaka aomboleze.

Treni ile haikuuawa na SGR peke yake, kwani ilikuwa mahututi kabla. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Ule ulikuwa mkataba wa mizigo; huduma ya abiria upande wa Kenya ilipewa miaka mitano tu, na hapo unaona mapema ni kipi kilichoonekana na thamani. Injini zilikuwa chache, njia ni moja, na treni ya mizigo ikianguka au kukwama mahali, ya abiria ilisubiri nyuma yake mpaka njia isafishwe. Safari za kwenda Mombasa zikabaki tatu kwa wiki.

Safari tatu kwa wiki ni ugonjwa wenyewe. Mwenye shughuli ya Alhamisi hawezi kusubiri treni ya Ijumaa. Anapanda basi, ambalo linaondoka kila usiku na kufika kwa saa nane au tisa. Mwenye uwezo zaidi anapanda ndege, chini ya saa moja angani. Waliobaki ni watalii, watu wa likizo, na wale wanaopenda treni kwa kuipenda tu. Treni ikiwa ya wapenzi haiwezi kulipa gharama zake, na isipolipa, matengenezo yanaahirishwa, inachelewa zaidi, na wapenzi nao wanapungua.

Kuchelewa huku kunaumiza treni ya kulala kuliko treni nyingine yoyote. Treni ya mchana ikichelewa saa tatu, umepoteza saa tatu. Aliyenunua kitanda alinunua asubuhi ya kesho: afike saa mbili, anawe uso, aende mahakamani au bandarini. Akifika saa saba mchana, siku nzima imeharibika, na kulala kwake vizuri hakumsaidii kitu. Ndiyo maana wafanyabiashara walikuwa wa kwanza kuhama.

Tarehe 31 Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua Madaraka Express, na siku iliyofuata abiria wa kawaida wakapanda. Reli mpya ni ya kilomita 472, imenyoka, imepita juu ya madaraja marefu ndani ya Tsavo, na treni ya abiria inakimbia hadi kilomita 120 kwa saa. Treni moja inachukua watu 1,260. Mkataba wa Rift Valley Railways nao ulivunjwa mwaka huohuo.

Na hapa ndipo wengi wanapofunga mjadala. Mimi naona ndipo unapoanza, kwa sababu miaka iliyofuata shirika la reli la Kenya liliongeza treni ya usiku. Maana yake ni kwamba waligundua kuna watu wanaotaka kusafiri usiku: wanaotoka kazini jioni, wanaotoka mikoa ya juu na kufika Nairobi mchana umeshaisha, wasiotaka kupoteza siku njiani, wanaoogopa basi la usiku. Hofu hiyo ya basi ina sababu. Mwisho wa 2017, baada ya ajali mbaya ya Migaa kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, serikali ilipiga marufuku kwa muda mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Haja ya treni ya usiku ilikuwepo kabla ya SGR na ipo baada yake. Kilichofanyika ni kuchukua treni ya mchana ilivyo, na mabehewa yake na mwendo wake, na kuiondosha saa nne usiku.

Hebu itazame hiyo ratiba kwa jicho la abiria. Ukiondoka saa nne na kufika kabla ya saa kumi, huna usiku kamili wa kulala hata ukipewa kitanda cha dhahabu. Umekaa kitini, taa zinawaka, watu wanapita. Unashushwa saa ambayo hoteli inakudai usiku mzima ukiingia, nyumba ya shangazi imefungwa, na kutoka Miritini hadi mjini ni zaidi ya kilomita kumi za matatu au teksi gizani. Wenye busara wanajikunyata kituoni kusubiri kupambazuke. Kwa maoni yangu hii ndiyo ratiba mbovu kuliko zote walizonazo, ingawa treni yenyewe ni nzuri na inafika kwa wakati. Tena hapo ndipo kichekesho kilipo: ingekuwa inachelewa saa tatu kila siku, ingewafaa zaidi.

Kama hilo linasikika ni mzaha, tazama Uingereza. Kutoka London Paddington hadi Penzance, kwenye ncha ya Cornwall, ni kilomita 490 hivi, karibu sawa kabisa na Nairobi hadi Mombasa. Treni ya mchana inachukua takriban saa tano, sawa tena. Na bado kuna treni ya kulala kwenye njia hiyo, inaitwa Night Riviera. Inaondoka London kabla ya saa sita usiku na kufika Penzance karibu saa mbili asubuhi. Saa tatu zilizoongezeka hazikutokana na ubovu wa reli. Zimepangwa: treni inakwenda polepole makusudi, inasimama vituoni zaidi ya inavyohitaji, ili mtu alale na afike mchana umeingia. Inaporudi inafika London alfajiri sana, na wenye vitanda wanaachwa wamelala humo humo, treni imesimama kituoni, mpaka karibu saa moja asubuhi.

Kwa hiyo umbali wa Nairobi na Mombasa haukuwa mfupi mno kwa kitanda, na saa tano za mchana hazikukifukuza. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuipunguza kasi treni moja kati ya zilizopo. Ingeweza kutoka Syokimau saa nne, ikazimwa taa, ikakaa Mtito Andei au Voi kwenye njia ya kupishania huku treni za mizigo zikipita, na ikaingia Miritini saa kumi na mbili na nusu.

Kuna hesabu, lakini, na sitaki kuificha. Behewa la vyumba linabeba watu wachache sana likilinganishwa na lile la viti. Pili, behewa la viti linaweza kwenda Mombasa asubuhi na kurudi Nairobi mchana. La vitanda linafanya kazi usiku, halafu linalala mchana likisubiri usiku mwingine. Ongeza mashuka ya kufuliwa, mhudumu wa kila behewa, maji ya kunawa. Kitanda kimoja lazima kiuzwe kwa bei ya viti kadhaa. Anayekinunua yuko tayari kwa hilo akipiga hesabu ya hoteli aliyoiepuka, lakini lazima awepo, na awepo kila usiku, Februari kama Desemba.

Ndiyo maana treni hizi duniani ama zinapewa ruzuku ama zinakufa. Ujerumani iliziacha zake Desemba 2016 kwa sababu ya hasara, na shirika la reli la Austria likazichukua baadhi ya njia hizo chini ya jina la Nightjet. Wengi walidhani Waaustria wamepotoka. Badala yake walipanua mtandao na kuagiza mabehewa mapya. Lakini hata wao, Ufaransa ilipokata ruzuku yake, treni yao ya Paris kwenda Berlin waliisimamisha mwisho wa 2025, miaka miwili tu baada ya kuianzisha. Japani, nchi ya treni za kasi, treni ya kulala ya kila siku iliyobaki ni Sunrise peke yake. Inaondoka Tokyo saa nne usiku kasorobo hivi na kufika Takamatsu kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Imebaki kwa sababu inaondoka wakati safari za jioni zimekwisha na inafika mapema asubuhi.

Kwa Kenya, basi, naelewa kwa nini hawakununua vitanda. Kwa njia moja ya kilomita 472 yenye basi kila usiku na ndege kila saa, kuagiza mabehewa ya vyumba kungekuwa kamari. Ninachowalaumu ni jambo dogo kuliko hilo: hata bila kitanda, treni ya saa nne ingefaa kusogezwa au kupunguzwa mwendo, na viti vinavyolala kidogo vingetosha. Hilo halihitaji mkopo wa mtu.

Tanzania ni habari nyingine, na huko ndiko kisa hiki kinapotakiwa kusomwa.

Reli ya umeme ya Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Dar hadi Dodoma sasa ni chini ya saa nne. Kwa kipande hicho peke yake kitanda hakina nafasi, na anayekitamani anatamani mazingaombwe. Ila reli hiyo inaelekea Mwanza, na kipande cha Mwanza hadi Isaka kilianza kujengwa 2021. Ikikamilika, Dar hadi Mwanza itakuwa kilomita 1,200 na ushei. Treni imebuniwa kukimbia hadi 160 kwa saa; ukitoa vituo na kona, wastani wa kilomita 120 ni wa kuaminika, kwa kuwa ndio unaopatikana leo kwenda Dodoma. Gawanya: saa kumi.

Saa kumi ni usiku mmoja kamili. Toka Dar saa tatu usiku, umeshakula na kuaga watu. Fika Mwanza saa moja asubuhi, maduka ya Makoroboi yanafunguliwa. Hapana haja ya kupunguza mwendo wala kusimama makusudi. Umbali na kasi vimekutana vyenyewe. Kwa mchana, safari hiyohiyo inakula siku nzima ya mtu kitini, na hapo ndege itamchukua bila ushindani. Washindani wa usiku ni basi, ambalo lilirudi barabarani usiku Oktoba 2023 baada ya marufuku ya karibu miaka 30, na hilo linachukua saa nyingi zaidi na abiria anafika miguu imevimba.

Tena Watanzania hawajasahau kulala kwenye treni. Reli ya kati ya zamani inalaza watu njiani usiku mbili kwenda Kigoma. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na vyumba vya vitanda vinne daraja la kwanza na sita daraja la pili, wanawake kwao na wanaume kwao, na abiria wake wanajua kufunga dirisha kabla ya kituo cha usiku na kununua ndizi za Mlimba bila kushuka. Ujuzi wa wahudumu upo. Kituo cha Dar kiko katikati ya mji, faida ambayo Syokimau haina.

Hatari ninayoiona ni ile ya Syokimau: mabehewa yanaagizwa yote ya viti kwa sababu vipande vya kwanza vya reli ni vifupi, halafu reli inapofika ziwani miaka baadaye, treni ya usiku inaundwa kwa kilichopo. Behewa la vitanda linaagizwa mapema, miaka miwili mitatu kabla ya kuhitajika, na karakana ya kufulia mashuka na kujaza maji inachorwa kituo kikiwa bado kwenye ramani. Kwa treni ya Mwanza, mabehewa manne ya vyumba vya vitanda vinne na yaliyobaki ya viti yangetosha kuanzia. Anayetafuta bei nafuu akae kitini, mwenye mtoto au mgongo mbovu alipe zaidi alale, na wote wawili wafike saa moja asubuhi.